Mwanamke Asiye na Ada Moja: Vipi Atazijua Siku za Yai?

Ndugu mmoja akaaye Section 58, mjini Nakuru, ametuuliza: mkewe hana ada moja katika hedhi yake, na huu ni mwaka wa pili wangoja mtoto. Jamaa wameanza kumwita tasa, na majirani wamempa hesabu ya siku 14. Je, hesabu hiyo yamfaa? Tumeona jawabu ina faida kwa wengi, basi tumeifanya somo.

Kwanza yapasa kujulikana kuwa yai likishatoka huishi saa 12 hata 24 tu. Ama mbegu ya mwanamume huweza kuishi ndani ya mwanamke hata siku 5. Basi siku za kutarajiwa mimba ni kama 6: siku itokapo yai na siku 5 zilizo kabla yake. Wenye kuzikosa siku hizo hawajathibitikiwa na utasa; huenda ni wakati tu uliowapita.

Hesabu ya 14 imetoka wapi? Katika miaka ya 1920 matabibu wawili, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kwa upande wake, walibaini kuwa yai hutoka yapata wiki mbili kabla ya hedhi ijayo. Tuzingatie: kabla ya ijayo, si baada ya iliyopita. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hesabu hizi mbili huangukia siku moja, ndipo watu wakazichanganya. Natuchukue mfano wa mwanamke ambaye mizunguko yake mitatu ilikuwa siku 24, 41 na 36. Ukitoa 14 katika kila mmoja, yai lilitoka kama siku ya 10, ya 27 na ya 22. Lau aliitegemea siku ya 14 peke yake, angalikosa mara zote tatu. Na hedhi ijayo ni ghaibu. Hakuna awezaye kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku asiyoijua.

Kwa hivyo mwanamke huyu asitegemee kalenda, bali atazame alama za mwili wake.

Ya kwanza ni ute. Katika miaka ya 1950, mjini Melbourne, Australia, tabibu John Billings alianza kuichunguza alama hii, kisha mkewe Evelyn, naye tabibu, akashirikiana naye. Yai likikaribia, ute huzidi, ukawa mwepesi, mtelezi na wenye kuvutika, mfano wa ute wa yai bichi. Siku hizo ndizo za kukutana mume na mke.

Ya pili ni joto. Hupimwa kila asubuhi kwa kipimajoto kabla ya kuondoka kitandani. Yai likishatoka, joto hupanda kidogo, yapata nusu daraja au chini yake, likakaa hivyo mpaka hedhi. Alama hii yathibitisha yaliyopita, haibashiri yajayo.

Ya tatu ni vile vijikaratasi vya kupimia mkojo viuzwavyo maduka ya dawa. Navyo vyafaa, lakini kwa mwenye maradhi ya vifuko vingi katika ovari huweza kuonyesha alama na yai lisitoke.

Mambo haya hayapingani na fikihi. Mwanamke wa Kiislamu amekwisha zoea kuzihesabu siku zake kwa ajili ya swala na saumu. Naazidishe kuandika siku ya kwanza ya damu na siku aonapo ute. Ute si hedhi, wala haumlazimu kuoga, ila kwa wanazuoni wengi hutengua udhu. Aliyefunga na asiingize kidole ndani kuutafuta; utokao nje wamtosha. Na kwa madhehebu ya Imam Shafi hedhi haizidi siku 15, wala twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu ya istihadha haimzuii swala wala mumewe.

Ikiwa alama zote zamtatiza, mume na mke wakutane kila siku ya pili au ya tatu baada ya twahara, na wakati hautawapita.

Lakini ada iliyopotea nayo ni dalili. Pengine sababu ni tezi ya shingoni, au ovari, au kukonda mno, au dhiki ya moyo, au kunyonyesha. Mizunguko ikiwa chini ya siku 21 au ikizidi 35, au hedhi ikikatika miezi mitatu pasi na mimba, yafaa kumwona tabibu. Na waliongoja mwaka mzima wasiendelee kungoja. Mke aliyetimiza miaka 35, miezi sita yatosha.

Basi ndugu yetu huyu ataona kuwa muda wake umekwisha pita. Na aende hospitali pamoja na mkewe, na yeye mwenyewe apimwe mbegu, kwani sababu huwa kwa mume kama iwavyo kwa mke, na pengine kwa wote wawili. Kipimo chake ni chepesi kuliko vingi vya mke. Ama kumtupia mwanamke jina la tasa, au kumwacha, kabla mume hajapimwa, hiyo ni dhuluma, na hukumu isiyo na ushahidi. Mtoto ni atia ya Mwenyezi Mungu, na kutafuta sababu kwa njia ya halali ni katika kumtegemea Yeye.

Wallahu a'lam.