SOMO LA IJUMAA: KUFUNGUA KUFULI YA DVD ULIYOINUNUA

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mtu anunua DVD huko Dubai, alipa bei kamili. Akifika Kasongo, mashine yake yaikataa. Sababu ni kwamba watengenezaji waliigawa dunia kwa maeneo: Dubai ni eneo la 2, Kongo ni eneo la 5. Tena diski nyingi zina kufuli ya kuzuia kunakili. Je, ni halali kuifungua?

Kwanza, sheria za nchi. Mwaka 1999 kijana wa Norwe mwenye miaka 15, Jon Lech Johansen, alitoa pamoja na wenzake programu ya kufungua kufuli hiyo. Alishtakiwa. Mwaka 2003 mahakama zilimwachilia mara mbili: aliyenunua diski yake ana haki ya kuitazama. Marekani, kinyume chake, ilikataza kuvunja kufuli hizo kwa sheria ya 1998, isipokuwa katika mambo machache. Kwetu Kongo, sheria ya haki za watungaji ilitolewa tarehe 5 Aprili 1986, miaka 10 kabla ya DVD kuanza kuuzwa. Haikuweza kuitaja DVD, lakini inailinda kazi ya mtungaji.

Pili, dini. Mwaka 1988 huko Kuwait, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliamua kwamba haki za mtungaji zinalindwa na sharia, haifai kuzivamia. Na Surat al-Maida, aya ya 1, yatuamuru kutimiza mikataba.

Basi tutofautishe:

1. Kufungua diski yako uitazame nyumbani: umelipa, na mtungaji hakupungukiwa. Jambo hili ni jepesi, ila kama ulikubali sharti la kutofungua, au uko katika nchi inayokataza.

2. Nakala moja ya akiba: iwe yako tu. Ukiiuza diski yenyewe, ifute nakala.

3. Kutoa nakala na kuziuza sokoni: huku ni kula mali ya mwenzako kwa batili, hata kama ndani ni mawaidha. Usiseme, «Niliinunua.» Ulinunua diski moja, hukununua haki ya kuizidisha.

Nawe fundi unayelipwa kufungua, muulize mteja kwanza: ni ya kutazama au ya kuuza?

Wallahu aalam.

(Karatasi hii ina majina matukufu, usiitupe chini.)