Saa ya Mwezi

Kila mfugaji wa kuku ajua ya kuwa kuku hawahitaji kengele. Wakizoezwa kupewa mtama saa kumi na mbili asubuhi, basi saa hiyo ikikaribia utawaona wamekwisha kukusanyika mlangoni, na mwenyewe akikawia humpigia kelele. Ng'ombe naye huanza kulia ufikapo wakati wa kukamuliwa. Wanyama hawa hulifuata jua, na kwa kuwa saa ya ukutani nayo imetengenezwa kulifuata jua, mfugaji na mifugo yake hupatana bila shida.

Lakini wako wanyama ambao mtu akiwalisha kwa saa ya ukutani aweza kuwaua. Hao ni wanyama wa ufuoni: kaa, chaza, kome na wenzao, ambao chakula chao hufuata kujaa na kupwa kwa maji. Chaza na kome hula maji yakijaa. Hufumbua makombe yao na kuchuja vidudu vidogo vilivyomo majini, kisha maji yakitoka hufumba kabisa wasikauke. Wale kaa wadogo wa mikokoni, ambao dume ana gando moja kubwa kuliko jingine, hufanya kinyume. Maji yakijaa hujificha mashimoni, na yakipwa hutoka, wakachota tope kwa gando dogo na kuchagua humo kilicho chakula.

Sasa maji hayaendi kwa jua peke yake. Watu wa Unguja na Mombasa wajua ya kuwa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, na ndipo wanawake waendapo mwambani kutafuta pweza. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa nne ileile maji yamejaa, na kupwa kumekwenda hata karibu na saa kumi jioni. Sababu yake ni mwezi. Dunia yajizungusha mara moja kwa saa 24, lakini wakati huo mwezi nao umesogea mbele katika njia yake, hata dunia haina budi kuzidi kuzunguka kidogo ili kuufikia. Kwa hiyo siku ya mwezi ni saa 24 na dakika 50 hivi, na toka maji kujaa mpaka kujaa tena ni saa 12 na dakika 25.

Je, wanyama hawa huyaona maji tu, au wana saa yao wenyewe? Katika pwani ya Brittany, huko Ufaransa, yuko mnyoo mdogo wa rangi ya kijani. Rangi hiyo ni ya mimea midogo sana ikaayo mwilini mwake na kumtengenezea chakula kwa nuru ya jua. Maji yakipwa hupanda juu ya mchanga kuota jua. Yakikaribia kurudi huzama. Wenye elimu walimtia katika chombo cha kioo chenye mchanga, mbali na mawimbi, naye akaendelea siku kadhaa kupanda na kuzama sawasawa na bahari asiyoiona. Kaa wa gando kubwa nao walipowekwa gizani walizidi kutembeatembea kwa majira ya pwani yao. Mwaka 1954 Mmarekani Frank Brown alieleza jinsi alivyowapeleka chaza toka New Haven, penye bahari, hata Evanston, maili zaidi ya 700 barani. Alisema ya kuwa baada ya majuma mawili walibadili saa zao za kufumbuka, wakafuata mwezi wa mahali pale papya. Wenzake wengi hawakuridhika na hesabu zake. Wao hushika ya kuwa saa imo ndani ya mnyama mwenyewe.

Basi fikiri juu ya mtu aliyeweka kome katika tangi, akawapa chakula saa sita mchana kila siku. Leo wamefumbua, wala. Baada ya siku sita au saba, saa sita hiyo pengine wamefumba. Chakula kinabaki majini, kinaoza, maji yanaharibika, na kome wanakufa kwa uchafu hali mwenyewe adhani amewatunza vema.

Dawa yake ni saa iendayo kwa mwezi, na ufundi wake si mkubwa. Katika siku 59 mwezi hupita juu ya mahali mara 57 tu. Basi chukua saa ya kawaida, na katika mhimili wa akrabu fupi, ambayo huzunguka mara moja kwa saa 12, tia gurudumu la meno 57. Hilo lishikane na gurudumu la meno 59. Piga hesabu: 12 mara 59, gawanya kwa 57, utapata saa 12 na dakika 25, na sekunde chache juu yake. Gurudumu la pili litazunguka kinyume cha la kwanza, lakini hilo halidhuru. Likitiwa kijiti ubavuni, kila lizungukapo mara moja kijiti kitasukuma kilango cha kisanduku, na chakula kitaanguka tangini kwa wakati wa maji kujaa. Kwa kaa wa mikokoni kijiti kitiwe upande wa pili, kwani wao hungoja kupwa. Saa hii hairekebishwi mara moja tu ikaachwa, maana jua nalo huvuta bahari, na maji mara hutangulia mara hukawia. Itazamwe tena kila mwezi mpevu. Tena haifai katika bahari zenye kujaa mara moja tu kwa siku.

Wala isitumiwe kwa wanyama wa bara. Mwaka 1929 Ingeborg Beling wa Ujerumani alionyesha ya kuwa nyuki hujifunza kurudi kwenye maji ya sukari saa ileile kila siku, lakini alipowapa kila baada ya saa 19 hawakuweza kujifunza kamwe. Kuku akilishwa kwa saa ya mwezi, baada ya majuma mawili chakula chake cha mchana kitamkuta amelala usiku wa manane.

Mwaka 1926 Mmarekani mwingine, John Alden Knight, alianza kutengeneza hesabu ya saa ambazo samaki na wanyama wa mwitu hula sana: mwezi ukiwa juu ya utosi au chini ya nyayo, na kidogo uchomozapo na utuapo. Wavuvi wengi walizipenda jedwali zake. Lakini mvuvi atupaye ndoana katika saa hizo tu atawezaje kujua kama samaki hawali saa nyingine? Atakaye kujua na avue pia katika saa zilizokatazwa, aandike daftarini siku, saa, na hesabu ya samaki, hata zile siku alizorudi mikono mitupu.