SOMO: KUCHAGUA COROLLA KUUKUU – MWAKA PEKE YAKE HAUTOSHI



Wenzetu wengi wa viwandani na mashambani hukopa katika chama cha akiba na mikopo ili wanunue gari dogo. Mkopo ule hukatwa kwenye mshahara mwezi hata mwezi. Gari likifa, makato hayafi. Ndiyo sababu tumeweka somo hili.

Tutatumia mfano mmoja, Toyota Corolla, kwa kuwa mafundi wengi wanaijua na spea zake hazisumbui kupatikana.

1. Tuanze na sheria
Tangu mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari dogo lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo Corolla za 1995 hadi 2006 zinazouzwa katika nchi hizi zimekwisha kupita mikononi mwa watu humu humu. Dalali akikuambia "limeshuka melini juzi", huyo si mkweli. Muulize: nani alikuwa nalo, na alilitumia kwa kazi gani?

2. Soma kibati
Fungua boneti, utafute kibati kidogo chenye namba ya gari. Herufi za mwanzo hutaja injini. Tarakimu zinazofuata hutaja toleo, yaani umbo. Kwa Corolla za Japani:
– AE110: injini ya lita 1.5, toleo la 1995 hadi 2000.
– NZE121: injini ya lita 1.5, toleo la 2000 hadi 2006.
– ZZE122: injini ya lita 1.8, toleo hilo hilo la 2000 hadi 2006.

Angalieni vizuri: NZE na ZZE zaweza kuwa za mwaka mmoja, sura moja na rangi moja, lakini ndani ni magari mawili tofauti. Anayeuliza mwaka peke yake hataiona tofauti hiyo.

3. Miaka ipi ni bora?
Sisi wa kiwandani twajua: mtambo mpya ukifungwa, bidhaa za miezi ya kwanza huwa na kasoro. Kisha kasoro huonekana na kurekebishwa. Magari ni vivyo hivyo. Mara nyingi miaka ya mwisho ya toleo ni bora kuliko ya kwanza.

ZZE ni mfano wazi. Katika injini zake za miaka ya kwanza, matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na machache. Ringi zikaganda, na injini ikaanza kula oili. Baadaye Toyota ilibadilisha pistoni hizo. Basi ZZE ya 2001 ni ya kuogopwa zaidi kuliko ya 2006.

NZE121 haina sifa hiyo mbaya. Hutumia cheni ya taiming, si mkanda, na haili petroli nyingi. Mwenye fedha ya kutosha atafute ya 2004 hadi 2006, baada ya sura yake kubadilishwa.

AE110 ni ya zamani zaidi, lakini ni nyepesi kutengeneza. Hiyo ina mkanda wa taiming, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, weka gharama ya mkanda mpya katika bei.

4. Hatari iliyo ndani ya mifuko ya hewa
Magari mengi ya miaka ya 2000, Corolla zikiwamo, yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikilipuka, hurusha vipande vya chuma ndani ya gari. Watu wamekufa kwa sababu hiyo katika nchi mbalimbali. Nchi zetu zina joto, na magari haya yamezeeka. Peleka namba ya chesisi kwa wakala wa Toyota, uulize kama mfuko uliagizwa kubadilishwa, na kama kweli ulibadilishwa.

5. Siku ya kukagua
– Fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukiikuta imekwisha kupashwa moto, rudi siku nyingine.
– Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini sana, uliza sababu.
– Mwenzako asimame nyuma wakati wa kuwasha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.
– Linganisha kilomita na uchakavu wa pedeli na kiti cha dereva. Saa ya kilomita hurudishwa nyuma. Pedeli hairudi upya.
– Namba ya chesisi ilingane na ya kitabu cha usajili.

Gari la 2001 lililotunzwa ni bora kuliko la 2006 lililoteswa. Mwaka hukuonyesha pa kuanzia kutafuta. Ukaguzi ndio unaoamua. Usiende peke yako: karibu kila tawi lina fundi wa gereji au dereva wa trekta. Mlipeni nauli na chakula cha mchana, aende nanyi.

Maswali ya kujadiliana tawini:
1. Kwa nini magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kutofautiana?
2. Je, chama chetu cha mikopo kidai ripoti ya fundi kabla ya kutoa fedha za gari?
3. Katika tawi letu, nani anaweza kuwakagulia wenzake?