Mwili Wetu na Joto la Makka: Somo kwa Watoto wa Milimani



Ndugu mwanafunzi, sisi wa Karagwe na Kyerwa tumezoea ubaridi. Kayanga iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingi tunakwenda madrasa tumevaa masweta. Wazee wetu wanaojaaliwa kwenda Hija hutoka katika ubaridi huu na kushukia kwenye joto kali. Je, mwili hufanya nini?

Jambo hili si dogo. Tarehe 17 Juni 2024, joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8 za Selsiasi. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kuwa watu 1,301 walifariki katika Hija hiyo. Wengi wao hawakuwa na kibali, wakatembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Allah awarehemu.

MWILI HUJIPOZAJE?

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili joto la nyuzi 37 hivi. Likipanda, mambo mawili hutokea. Kwanza, mishipa midogo ya damu kwenye ngozi hutanuka ili damu ipeleke joto nje. Pili, jasho hutoka, na linapokauka huondoka na joto. Hewa ikiwa na joto kuliko mwili, tegemeo hubaki jasho tu. Na jasho ni maji. Asiyekunywa atalitoa wapi?

MWILI HUZOEA, LAKINI KWA SIKU

Mtu akishinda kwenye joto kila siku, mwili hubadilika. Maji ya damu huongezeka, na moyo haulazimiki kwenda mbio kama mwanzo. Jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, tena likiwa na chumvi kidogo. Kazi hii huchukua wiki moja hadi mbili. Akirudi kwenye baridi kwa wiki chache, mazoea hayo hupotea. Basi mzee wa kwetu hufika Makka mwili wake haujajiandaa. Zaidi ya hayo, uzee hupunguza jasho na hata hisia ya kiu.

TUWAAMBIE NINI BABU NA BIBI?

1. Siku za mwanzo wasijichoshe juani.
2. Wanywe maji kabla ya kuona kiu.
3. Watumie mwavuli. Mwanamume aliyehirimia havai kofia wala kilemba, lakini mwavuli unaruhusiwa.
4. Mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya safari.
5. Mtu akiweweseka au akianguka huku mwili unawaka, huenda ni kiharusi cha joto, ambapo joto la mwili hupita nyuzi 40. Huyo apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na msaada wa daktari uitwe upesi.

Ndugu msomaji, Hija ni wajibu kwa mwenye uwezo, na afya ni katika uwezo huo. Kujikinga hakupunguzi tawakkul, kwani mwili ni amana.

MASWALI

1. Kwa nini jasho hupoza mwili?
2. Mwili huchukua muda gani kuzoea joto?
3. Msomee mzee wa nyumbani kwenu nasaha hizi tano.

Wabillahi tawfiq.