Yethro Alivyomwambia Musa Kuhusu Kazi Yake

Somo: Kutoka 18:1-27



Wiki hii naomba tukae na sura moja ya Biblia ambayo wengi tunaipita haraka, maana imebanwa katikati ya mambo makubwa. Sura ya 17 ina maji yanayotoka mwambani na vita na Waamaleki. Sura ya 19 ina mlima Sinai, ngurumo na moshi. Hapo katikati, sura ya 18, mzee mmoja anakuja kambini kumtembelea mkwewe, halafu anamwambia kwamba namna anavyofanya kazi si nzuri. Basi. Hakuna muujiza hata mmoja.

Nimeichagua kwa sababu ya swali nililoulizwa na dada mmoja anayefanya kazi duka la dawa. Mwenzake wa zamu anaandika maelekezo kwenye bahasha haraka haraka, "1x3", anampa mgonjwa bila kumweleza chochote. Siku moja bibi mmoja alirudi kuuliza kama ni kidonge kimoja kutwa mara tatu au vidonge vitatu kwa mpigo. Yule dada alimweleza bibi vizuri, lakini kwa mwenzake hakusema kitu. Sasa ni mwezi wa nne. Anaogopa kuonekana mjuaji, tena mwenzake ni mkubwa kwake kwa umri na ndiye aliyempokea na kumfundisha kazi. Ananiuliza, "Frateri, nimwambie au nimwachie Mungu?"

Kumwachia Mungu ni maneno mazuri, ila mara nyingi tunayatumia kufunika woga. Fungua Walawi 19. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ambayo wote tunaijua kwa moyo, iko mstari wa 18. Mstari wa 17 unakataza kumchukia ndugu yako moyoni na unaagiza kumwonya jirani yako. Yaani njia ya kufika kwenye ile amri maarufu inapita kwanza kwenye kuambiana. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye, katika Summa Theologiae, analiweka suala la kumwonya ndugu ndani ya mafundisho juu ya upendo, mara tu baada ya suala la kutoa sadaka. Kwake hivi ni vitu vya ukoo mmoja: mwenzako amepungukiwa, wewe unacho, unampa. Ndiyo maana hata kwenye matendo saba ya huruma ya kiroho tuliyokariri wakati wa Kipaimara, kuwaonya wakosefu kumo.

Halafu tuwe wakweli. Kazini ni nadra sana mtu kunyamaza kabisa. Tunanyamaza mbele ya mhusika tu. Kwa wengine tunaongea vizuri, tena kwa mifano na kuigiza sauti. Nilipomuuliza yule dada kama kuna mtu mwingine anayejua habari za zile bahasha, jibu lilikuwa kwamba karibu wote wanajua, isipokuwa mwenyewe anayeziandika.

Sasa tumwangalie Yethro.

Anafika na Sipora, mke wa Musa, na wale watoto wawili. Musa anatoka kumlaki, anainama, anambusu, wanaingia hemani. Musa anasimulia yote Bwana aliyotenda, Yethro anafurahi kwelikweli, anatoa sadaka, wanakula pamoja na Haruni na wazee. Yale mazungumzo ya kazi yanakuja kesho yake. Napenda sana hiyo "kesho yake". Siku hizi maofisini watu wanafundishwa mtindo wa sandwichi: unasifu kidogo, unachomeka lawama, unafunika na sifa nyingine. Matokeo yake mtu akisikia "kazi yako nzuri sana" anashika kiti, anasubiri "lakini". Sifa za Yethro zilikuwa na siku yake na chakula chake. Hazikuwa ganda la kumezea kidonge kichungu.

Kesho yake Musa anakaa kuamua kesi, watu wamemzunguka tangu asubuhi mpaka jioni. Yethro anayaona hayo kwa macho yake, hakuhadithiwa na mtu. Na akifungua mdomo anaanza na maswali: ni kitu gani hiki unachowafanyia watu, na kwa nini umekaa peke yako? Musa anajieleza: watu wanakuja kwangu kumuuliza Mungu, wakiwa na ugomvi naamua. Na Yethro anamwacha amalize. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzoni mwa Mazoezi ya Kiroho, anaweka sharti la namna hii: uwe tayari zaidi kuyapa maneno ya mwenzako maana nzuri kuliko kuyahukumu, ukishindwa, muulize anayaelewaje, akiwa amekosea, ndipo umrekebishe, tena kwa upendo. Yule dada wa duka la dawa hajui kwa nini mwenzake anaandika "1x3". Pengine foleni inafika barabarani. Pengine ndivyo alivyofundishwa, na haijawahi kumpitia akilini kwamba kuna mtu haelewi alama hiyo. Ukiuliza kwanza unaweza kugundua kwamba hata lile neno "mzembe" ulilomwandalia halimhusu.

Hapa mnivumilie kidogo, falsafa ya miaka mitatu haitoki mwilini kirahisi. Thomas, akimfuata Aristotle, anatofautisha kukosea katika ufundi na kukosea katika maadili. Fundi akikata ubao mfupi amekosea kama fundi. Hajawa mtu mbaya. Mengi sana tunayoambiana kazini ni ya aina hii ya kwanza: ripoti imechelewa, hesabu haikukaguliwa, mteja hakuelezwa. Lakini lugha tunayotumia ni ya aina ya pili: "wewe hujali", "huyu ana dharau", "ndivyo ulivyo". Tunaambiwa ubao ni mfupi kwa maneno ya kumwambia mwizi. Ndiyo maana watu wanawaka. Yethro anasema jambo hili unalofanya si jema. Ni jambo, siyo Musa. Kisha anataja madhara yake: mtachoka, wewe pamoja na watu hawa, kwa sababu mzigo ni mzito kwa mtu mmoja. Angalia kwamba anamhurumia Musa na foleni kwa pamoja.

Na hamwachi hapo. "Jirekebishe" siyo msaada kwa mtu. Yethro anatoa mpango unaoweza kuanza Jumatatu: chagua watu wenye uwezo, wamchao Mungu, waaminifu, wasiopenda rushwa, uwaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi, wao waamue madogo, wewe uletewe magumu. Mwisho anaacha mlango wazi: ufanye hivyo kama Mungu naye akikuagiza. Mkwe, tena kuhani wa Midiani, hajifanyi kwamba yeye ndiye sauti ya mwisho.

Kwa hiyo dada, nilichomshauri ni hiki. Asubuhi kabla foleni haijaanza, mkiwa wawili tu (Mathayo 18:15 inataka muanze wawili, na kundi la WhatsApp la kazini siyo wawili), msalimie kama kawaida, shikamoo yake usiipunguze, halafu sema kitu kama: "Dada, yule bibi wa juzi alirudi kuuliza. Ile 1x3 alidhani ni vitatu kwa pamoja. Hivi wewe huwa unawaelezaje?" Umsikilize. Kisha: "Tukiandika kidonge 1 kutwa mara 3, na kumtamkia, unaonaje? Mimi naweza kuandaa bahasha mapema." Hayo maneno hayachukui hata dakika mbili. Wapo wanaosema mtu kama huyo apewe makavu. Sikatai kwamba makavu yana ladha, ila ladha yake anaipata anayeyatoa.

Akikataa je? Hapa sitaki mtu ajifiche nyuma ya upole. Mathayo 18 inaendelea: mchukue mmoja au wawili. Na Thomas anaongeza jambo zito: kosa la siri likiwa linaelekea kuwadhuru wengine, siri haibaki na haki ileile, unatakiwa kulifikisha mbele mara moja, isipokuwa kama una hakika kwamba kumwambia mhusika faraghani kutazuia madhara. Bahasha ya dawa iko eneo hilo. Ukimwambia na kesho yake bado mgonjwa anaondoka bila kuelewa, nenda kwa msimamizi wa duka, na mwenzako ajue kwamba umekwenda. Huo hauwi umbea. Umbea ni ile miezi minne ya kuwaambia wasiohusika.

Najua kuna atakayenitajia Antiokia, kwamba Paulo alimpinga Petro mbele ya watu wote (Wagalatia 2). Ni kweli. Lakini Petro alikuwa amejitenga na Wakristo wa mataifa mezani, mbele ya macho ya wote, na hata Barnaba alishavutwa. Jambo lilikwisha kuwa la hadhara. Tena Paulo anasisitiza alimwambia usoni. Wengi wanaompenda Paulo wa Antiokia kwenye kikao huwa hawajamfuata mtu hata mara moja pembeni.

Kuna kitu kidogo cha mwisho ambacho nilikiona nikisoma sura hii sambamba na nyingine. Musa alimsikiliza mkwewe, akafanya yote, na Yethro akarudi nchini kwake. Sasa soma Kumbukumbu la Torati 1:9-18. Miaka imepita, Musa ni mzee, anawasimulia Waisraeli jinsi wale wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi walivyopatikana. Anasimulia kama wazo lake mwenyewe. Jina la Yethro halimo kabisa. Mfumo upo, watu hawasimami tena juani kutwa nzima, na mzee yuko Midiani na mifugo yake.

Upande wa Musa, yaani kuambiwa na kukubali, ni somo lingine zima. Tutalichukua Jumamosi ijayo.

Tuombeane.