Akiba Haiozi

Watoto, nyama mbichi hukaa muda gani katika joto la Uvira? Nyama iliyochinjwa asubuhi, usiku huanza kunuka. Samaki huharibika upesi zaidi. Leo tutasoma jinsi watu wa kwetu wanavyookoa chakula kisioze.

1. Ng'ombe wa mjane

Katika uwanda wa Ruzizi, upande wa Sange, alikuwako mjane mmoja mwenye watoto watatu. Mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja. Kwa maziwa ya ng'ombe huyo alinunua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Siku moja ya mwezi wa tatu, wakati wa mvua, ng'ombe aliteleza akatumbukia katika mfereji, akavunjika mguu. Hakukuwa na la kufanya. Ikabidi achinjwe siku ile ile.

Habari zikaenea. Wachuuzi wawili wakaja wakasema: "Mama, tuuzie nyama yote kwa bei hii. Ukikataa, kesho utawatupia mbwa." Bei yao haikufikia hata thamani ya mbuzi mmoja. Mjane akatazama mbingu, akaona mawingu meusi. Akaanza kulia, akawa karibu kukubali.

Ndipo mdogo wake wa kiume, aliyelelewa milimani kwa wawindaji, akasema: "Yaya, usiuze kwa machozi. Nyama huoza kwa sababu ya maji yaliyo ndani yake. Tukiyatoa maji, nyama itatungoja."

2. Kazi ya usiku mmoja

Mjomba aligawa nyama kwanza, maana nyama zote si sawa. Maini, moyo na matumbo havikai. Hivyo vililiwa jioni ile, na jirani wakapata sehemu yao. Mifupa ilipikwa mchuzi. Nyama laini ya mapaja na ya mgongo ikawekwa kando kwa kukaushwa. Mbavu zikawekwa kwa moshi. Vipande vidogo vya shingo na vya miguu havikutupwa. Tutaona kazi yake baadaye.

Kisha wakanawa mikono, wakanoa visu. Walikata nyama ya mapaja vipande virefu, vyembamba kama kidole, wakifuata nyuzi za nyama. Waliondoa mafuta yote, kwa sababu mafuta hayakauki, bali hugeuka kuwa machungu. Wakapaka chumvi pande zote, wakaacha nyama kwa muda ndani ya beseni. Maji mekundu yalipotoka, wakayamwaga.

Watoto walikuwa wamekwisha kujenga uchanja wa miti mibichi, wenye kimo cha kiuno cha mtu mzima. Chini yake waliwasha kuni ngumu zilizokauka. Mjomba akawaonya: "Sitaki ndimi za moto, nataka moshi na joto. Moto mkali huivisha nyama nje na kuiacha mbichi ndani, na ile ya ndani itaoza." Mvua ilinyesha usiku kucha, lakini uchanja ulikuwa chini ya paa la jiko. Walipokezana zamu, wakageuza nyama mara kwa mara.

Baada ya siku mbili na usiku wake, mjomba alichukua kipande akakikunja. Kikavunjika kwa mlio, na ndani hakikuwa na unyevu. Akasema: "Sasa imekauka."

Mjane aliitia nyama ndani ya vikapu, akavitundika juu ya meko. Kila juma aliikagua, na yenye unyevu akairudisha mosheni. Aliiuza kidogo kidogo katika soko la Uvira kwa bei ya haki. Hakupata ng'ombe mwingine mara moja. Lakini alinunua mbuzi majike watatu, na watoto wake hawakuacha shule.

3. Sababu yake

Robo tatu za nyama mbichi ni maji. Kwa hiyo kilo 4 za nyama isiyo na mafuta, zikikauka vema, hubaki karibu kilo 1. Nyama huozeshwa na viini vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Viini hivyo huhitaji maji kama sisi. Jua huondoa maji. Chumvi huyavuta kutoka ndani. Moshi hukausha, tena huwafukuza nzi wasitage mayai.

Ndiyo maana chumvi ilithaminiwa sana zamani. Ng'ambo ya ziwa, huko Uvinza katika Tanzania, maji ya chumvi hutoka ardhini. Watu waliyachemsha wakapata chumvi, na chumvi hiyo iliuzwa katika nchi nyingi za kandokando ya ziwa letu.

4. Njia nyingine

Watu wa pwani yetu hukausha ndagala. Wavuvi huwavua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haziwavuti vema, na wavuvi hupumzika. Basi mwenye ndagala kavu nyumbani hana shida siku hizo, wala siku za Ijumaa za Kwaresima tunapojinyima nyama. Lakini ndagala waliotandazwa chini huliwa wakiwa na mchanga. Afadhali kuwatandaza juu ya wavu ulioinuliwa juu ya miti: hewa hupita chini na juu, nao hukauka upesi na kuwa safi.

Huko Kenya kaskazini, Waborana na Wasomali hukata nyama vipande vidogo, huikausha, huikaanga, kisha huihifadhi ndani ya mafuta. Huitwa nyirinyiri, nayo ni chakula cha safari.

Na vile vipande vya shingo na vya miguu? Hivyo hufanywa soseji. Utumbo huoshwa kwa maji mengi na chumvi, ndani na nje. Nyama husagwa au hukatwakatwa sana, hutiwa chumvi gramu 20 kwa kila kilo, pilipili na vitunguu saumu. Hushindiliwa ndani ya utumbo, na ncha hufungwa kwa uzi. Wakikuyu wa Kenya huchanganya nyama na damu, huiita mutura. Lakini kumbukeni: katika nyama iliyosagwa, viini huenea mpaka ndani. Soseji ya nyumbani haikai kama nyama kavu. Ipikwe siku ile ile mpaka katikati, iliwe.

5. Maonyo

Ng'ombe wa mjane alichinjwa akiwa mzima, isipokuwa mguu wake tu. Mnyama aliyekufa mwenyewe, wa nyumbani au wa porini, msimguse wala msimle. Huenda amekufa kwa kimeta au kwa ugonjwa mwingine. Moshi na chumvi haviwezi kuua kila ugonjwa.

Tena, Wabembe na watu wengine wa milima yetu walikuwa wawindaji hodari, na ufundi wa uchanja twaupata kwao. Lakini leo wanyama wamepungua. Msitu wa Itombwe ni hifadhi tangu mwaka 2006, na sheria hukataza kabisa kuwaua gorila na sokwe. Ufundi wa wazee tuutumie kwa mbuzi, ng'ombe na samaki.

Bwana Yesu alipowashibisha watu wengi kwa mikate michache, aliwaamuru wanafunzi wakusanye mabaki yote. Anayetupa chakula hudharau kazi ya mikono na zawadi ya Mungu. Anayekihifadhi ataweza kula kesho, tena ataweza kumpa jirani.

Maswali

1. Kwa nini wachuuzi walitaja bei ndogo? Je, walitenda haki?
2. Kwa nini mafuta huondolewa kabla ya kukausha?
3. Ukiwa na kilo 12 za nyama mbichi isiyo na mafuta, utapata kilo ngapi za nyama kavu?
4. Kwa nini mjomba hakutaka moto mkali?
5. Nyumbani kwenu hukausha nini, na kwa njia gani? Muulize bibi yako, kisha andika mistari mitano.