Diwani wako ana msimamo gani kuhusu fedha za mgodi?

Septemba 2017 madiwani wa Geita waliongoza wananchi kufunga barabara ziendazo mgodi wa dhahabu wa Geita (GGM), wakidai malimbikizo ya ushuru wa huduma. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, na baadhi ya madiwani wakakamatwa. Ugomvi ulikuwa wa hesabu. Mikataba ya zamani ya madini iliweka malipo yasiyozidi dola 200,000 kwa mwaka, wakati madiwani walishikilia asilimia 0.3 ya mauzo, kama sheria ya fedha za serikali za mitaa ilivyosema.

Mwaka huohuo Bunge lilirekebisha Sheria ya Madini, na hapo ndipo msimamo wa diwani ulipopata uzito mpya. Tangu wakati huo kampuni ya uchimbaji haijiamulii tena ijenge nini na wapi. Kila mwaka inaandaa mpango wa kuihudumia jamii, inakubaliana na halmashauri, na halmashauri ndiyo inayouidhinisha. Halmashauri pia inatakiwa kusimamia utekelezaji na kuwaeleza wananchi miradi iliyopangwa katika maeneo yao. Ni hivyo Geita, ni hivyo Msalala kwenye mgodi wa Bulyanhulu, na ni hivyo Kishapu kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui.

Viongozi hawakubaliani fedha za mpango huo ziende wapi, na si ajabu. Mwenyekiti wa kijiji kinachopakana na mgodi atasema wanaokula vumbi na kutikiswa na milipuko watangulie. Diwani wa kata ya mbali atajibu kwamba dhahabu ni ya halmashauri nzima, na kwake wajawazito bado wanabebwa kwenye bodaboda kufuata zahanati. Mimi naona jirani wa mgodi ana haki ya kutangulia, mradi kijiji chenyewe kiwe kimekaa, kikachagua mradi na kuuandika.

Huko kuandika ndiko kunakotushinda. Tunamshika diwani msibani au mnadani, anasema "nimelisikia", tunaridhika. Pa kusemea jambo lenu ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Kwa wakazi wa Kahama mjini au Geita mjini, ni mkutano wa mtaa. Hakikisha mtendaji ameliingiza jambo lenu kwenye muhtasari, tena kwa maneno yanayopimika. "Tunaomba huduma ya afya" ni maneno yatakayopotea njiani. "Boma la zahanati limefika kwenye lenta kwa nguvu za wananchi; tunaomba mbao, mabati, milango na nyumba ya mganga" ni ombi ambalo mhandisi anaweza kulipigia hesabu.

Kutoka hapo muhtasari unapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wake, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Kisha linakuja Baraza la Madiwani, ambalo mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Nendeni hata watu wawili, msikie diwani wenu anatetea nini. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo anayesubiri Mei amechelewa.

Diwani akirudi kijijini, muulizeni mbele ya mkutano ni mradi gani wa kata yetu aliousimamia, upi umepita, na umepangiwa shilingi ngapi. Hilo la bei msiliruke. Ombeni mchanganuo wa gharama, muone mfuko wa saruji umeandikwa bei gani na dukani kwenu unauzwaje. Tofauti ikiwa kubwa, iingie nayo kwenye muhtasari.

Mkutano usipoitishwa, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mtendaji wa kata, isainiwe na wakazi wengi, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe.